Chicago, Oktoba 2023: marathoni moja, watu watano

Nimechelewa kuiandika safari hii. Nilirudi na picha zaidi ya mia sita, bahasha ya risiti, na madaftari mawili: langu, lenye sentensi zilizokatikakatika, na la binti yangu wa miaka 11, ambaye safari nzima alikuwa akiandika saa ya kila tukio. Bila daftari lake nisingejua yaliyowapata wenzangu siku ya Jumapili, maana mimi nilikuwa nakimbia.

Tulikuwa watano: mimi, baba watoto, binti huyo, kitindamimba wetu wa miaka minne, na mama mkwe, ambaye humu nitamwita Bibi kama watoto wanavyomwita. Nafasi ya kukimbia niliipata kwa bahati nasibu, na majibu yalitoka Desemba. Asiyetaka kubahatisha anaweza kuingia kwa muda wa kufuzu au kwa kuchangisha fedha za hisani. Kwa anayetoka nchi inayohitaji viza: majibu yakitoka leo, anza viza kesho. Mwaka 2023 ada ilifika dola 185 kwa kila kichwa, na mtoto wa miaka minne analipiwa sawa na bibi yake. Ile miezi ya kusubiri mahojiano ilininyima usingizi kuliko mazoezi yote ya kilomita thelathini.

Jumatano, 4 Oktoba. O'Hare hadi Chinatown

Foleni ya uhamiaji saa moja na dakika hamsini (binti ameandika). Mdogo alilala juu ya mzigo, tukawa tunamsukuma pamoja na masanduku.

Kutoka uwanja wa ndege tulichukua treni ya Blue Line. Mwaka ule nauli ya kuanzia O'Hare ilikuwa dola 5, tofauti na vituo vingine ambako treni ilikuwa dola 2.50, lakini tulikuwa tumeshasoma kwamba pasi ya siku saba, wakati huo dola 20, inakubalika hapohapo uwanjani. Ununue hiyo. Kadi yenyewe ni dola 5, na ukiisajili fedha hiyo inarudi ndani ya kadi kama nauli. Tulisimama mbele ya mashine hadi mfanyakazi wa usafi akaegemeza ufagio wake ukutani, akatuuliza tuko wangapi, akabonyeza mwenyewe hatua kwa hatua huku akitusomea. Ni yeye aliyetuambia kwamba aliye chini ya miaka saba hapandi kwa malipo, na kwamba wa miaka 11 analipa nusu. Bibi alimshika mkono kwa mikono yake miwili, naye akasubiri mpaka ameachiwa.

Tulishuka kituo cha Jackson, tukapita njia ya chini ya ardhi hadi Red Line, na vituo vichache baadaye tukawa Cermak-Chinatown. Nyumba tuliyopanga ilikuwa dola 165 kwa usiku, vyumba viwili na jiko. Wengi hupanga katikati ya jiji ili kuwa karibu na mstari wa kuanzia. Sisi tulifungua ramani ya mbio tukatafuta mahali ambapo Bibi, mwenye magoti mabovu, angeweza kutembea dakika tano tu akaniona. Njia inapita Chinatown karibu na maili ya 21, yaani kama kilomita ya 34, pale ambapo mkimbiaji anahitaji mtu wake kuliko mahali pengine popote. Katika maamuzi yote ya safari hii, huu ndio ninaojivunia.

Joto lilikuwa kali kama si Oktoba. Makoti yote yalibaki sandukuni.

Alhamisi, 5 Oktoba. Kuchukua namba

Namba za kifuani hutolewa kwenye maonyesho ndani ya McCormick Place, kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi. Kutoka kwetu, basi namba 21 lilitufikisha moja kwa moja. Lazima uende mwenyewe na pasipoti yako. Mume hawezi kumchukulia mke. Unapewa namba na mfuko wa plastiki unaoonyesha vilivyomo, na mfuko huo ndio pekee utakaoruhusiwa kuuhifadhi siku ya mbio, basi usiutupe. Nenda Alhamisi kama una watoto. Sisi tulimaliza kwa saa moja. Mtu tuliyekutana naye baadaye alikwenda Jumamosi, akatuambia alisimama kwenye umati nusu siku.

Mchana tuliwapeleka watoto Millennium Park kuliona lile sanamu la chuma linalong'aa kama kioo, Cloud Gate, ambalo binti alikuwa amelichora kabla hatujaondoka. Tulikuta uwanja unaolizunguka uko kwenye ukarabati, uzio kila upande. Mgongo wake tu ndio ulionekana kwa juu. Binti hakusema neno. Bibi akamwambia, "Lichore lilivyo, na uzio wake. Wenzako wote wana picha isiyo na uzio." Akaketi akachora. Mdogo alikwisha kupata furaha yake hatua chache pembeni, Crown Fountain, minara miwili ya vioo inayoonyesha nyuso za wakazi wa jiji, na kila baada ya muda uso unatema maji. Alilowa hadi magotini na hakutaka kuondoka.

Ijumaa, 6 Oktoba

Hali ya hewa iligeuka, baridi ikaingia na upepo wa ziwani. Nilinunua sweta la mtumba kwa dola 6 la kuvaa mstarini na kulivua mbio zikianza. Nguo zinazoachwa hapo hukusanywa kwa ajili ya wahitaji. Kwenye bajeti yako kumbuka kwamba bei iliyoandikwa kwenye rafu siyo utakayolipa: kodi ya mauzo Chicago mwaka 2023 ilikuwa asilimia 10.25, na mgahawani unaongeza bakshishi ya asilimia 18 hadi 20. Watu watano wakila nje mara mbili kwa siku, fedha inakwisha huku unaiangalia. Jiko lilituokoa.

Jumamosi, 7 Oktoba. Mazoezi ya watazamaji

Mimi nilitakiwa kukaa nimeinua miguu. Baba watoto akachukua watoto wakaenda kuifanyia mazoezi njia yao, kwa treni na kwa miguu, kama mimi nilivyofanyia mazoezi yangu. Mpango ulikuwa huu: asubuhi wangepanda Red Line hadi Jackson, watembee hadi Adams Street karibu na mto, wanione nikikaribia nusu ya njia, kisha warudi Chinatown kumkuta Bibi, wanione mara ya pili, halafu wote wanne waende Grant Park kunisubiri. Walirudi na muda wa kila kipande. Kutoka Adams hadi kwenye geti la Chinatown: dakika 31 ukimbeba mdogo, 40 akitembea mwenyewe.

Waliporudi tulikula ile piza nene ya Chicago inayookwa kwenye sufuria kama pai. Ukiagiza, subiri dakika arobaini na tano. Nilikula kipande kimoja tu kwa sababu sikutaka tumbo zito; jioni nikala wali mweupe na kuku wa kuchemsha.

Usiku tukakubaliana jambo la mwisho. "Nitakuwa upande wa kulia," baba watoto alisema. Nikasema sawa, kulia. Tukalala.

Jumapili, 8 Oktoba. Kilomita 42.195

Niliamka saa kumi na nusu alfajiri. Uji wa shayiri, ndizi moja, chai. Kabla sijafungua mlango Bibi alikuwa amekwisha kuamka, ameketi gizani sebuleni. Aliniombea, akaniambia, "Nenda mwanangu. Mimi nitakuwa pale getini."

Red Line ilijaa watu wenye mifuko ile ya plastiki, kimya kama tunakwenda kwenye mtihani. Chooni Grant Park foleni ilinila dakika arobaini. Ukifika tu, panga foleni hata kama hujabanwa. Baridi ilikuwa ya kutetemesha. Mzee mmoja kama wa miaka sabini aliniona ninavyojikunyata ndani ya sweta la dola sita, akachana tundu kwenye mfuko mpya wa taka, akanivalisha kichwani kama anamvalisha binti yake. "Wa pili nilikuwa nimemchukulia mtu kama wewe," alisema.

Walio mbele waliondoka saa moja na nusu. Wimbi letu, la tatu na la mwisho, lilipangiwa saa mbili na dakika 35, na mimi nilivuka mstari saa mbili na dakika 52. Karibu mara moja unaingia chini ya barabara, kwenye njia kama pango, na ukitoka hapo ni maghorofa kushoto na kulia. Saa ya mkononi ilichanganyikiwa kabisa. Iliniambia nimekimbia kilomita kwa dakika tatu. Usiiamini sehemu hiyo. Mimi nilikuwa nimeandika mkononi kwa kalamu muda wa kila maili, dakika 11 kwa kila moja, nikafuata mabango ya barabarani. Kwenye madaraja ya chuma wametandika zulia ili miguu isiumie, jambo dogo lililonifanya niwapende watu nisiowajua.

Nilikuwa naingia Lincoln Park, miti imeanza kugeuka rangi, nilipomwona mtu amesimama juu ya benchi, simu mkononi, akipaza sauti kwa kila anayepita: "Saa mbili na sekunde thelathini na tano!" Mwanzoni sikuelewa. Kisha nikasikia jina. Kelvin Kiptum, kijana wa Elgeyo Marakwet, alikuwa amemaliza kwa muda wa saa 2:00:35, sekunde 34 chini ya rekodi ya dunia ya Eliud Kipchoge. Barabara ileile, asubuhi ileile, amepita juu ya lami hii ninayoikanyaga. Dada aliyekuwa pembeni yangu aliniuliza kama namfahamu. Nikamwambia ninafahamu lugha yake, na nikaona machozi yananitoka nikiwa na kilomita 35 mbele.

Sehemu hii niliiandika mara ya kwanza mwezi Novemba, Kiptum akiwa hai. Rekodi yake iliidhinishwa rasmi tarehe 6 Februari 2024, na siku tano baadaye alifariki katika ajali ya gari karibu na Kaptagat, pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana. Alikuwa na miaka 24. Niliifunga kompyuta, ndiyo maana simulizi imechelewa. Maneno ya juu sikuyabadili. Kila nikiyasoma namwona yule mtu juu ya benchi.

Nilifika Adams Street nikiwa nimejaa nguvu, macho yote upande wa kulia. Uso baada ya uso, mabango, kengele, watoto wa watu. Wangu hawakuwepo. Nilipunguza mwendo, karibu nisimame. Nikavuka mto, nikapita alama ya nusu baada ya kukimbia saa mbili na dakika 22, nikijua kuna kitu kimeharibika na sina namna ya kujua ni nini.

Daftari la binti linasema hivi: "5:13 Mama amepita. Hakutuona. Baba ameita sana. Mdogo analia." Walikuwa upande wa kulia. Wa kwao, wanaotazama wakimbiaji wanakuja. Kwangu mimi ulikuwa kushoto. Na njia ya mbio haivukwi ovyo, umati wa wakimbiaji ni ukuta. Programu ya simu ya kufuatilia wakimbiaji nayo ilikuwa ikiwaambia bado nina mita mia tano kufika, kumbe wananiona mgongo.

Kwa hiyo nakuomba, wewe utakayekwenda na familia, usiseme kulia wala kushoto. Sema upande wa duka fulani, upande wa kivuli, upande wa mtoni. Vaeni rangi moja isiyovaliwa na wengi, na inua kitu juu ya vichwa. Simu itumie kujua kama mtu wako bado anakwenda, usiitumie kumkamata.

Mwanamke aliyekuwa karibu nao alimwona mdogo analia, akachuchumaa, akampa kengele yake ya kupigia wakimbiaji. Baba watoto alikataa, akaambiwa anayo nyingine nyumbani. Treni ya kwanza hawakuweza kupanda kwa umati. Ya pili walisukumana wakaingia, mdogo mabegani, kengele ikilia.

Mimi wakati huo nilikuwa upande wa magharibi, kipande kirefu cha kwenda barabara ya Damen na kurudi, na hapo sina la kusimulia ila kwamba kilikuwa na upepo na upweke. Pilsen ndiyo iliyoniamsha. Mtaa mzima unapiga muziki, harufu ya nyama ya kuchoma, akina mama wa Kimeksiko wanaita kila jina lililoandikwa kifuani. Mtoto mmoja alinipa kipande cha chungwa kilicho moto kwa kushikwa muda mrefu. Sijala chungwa tamu kama lile. Baada ya hapo msuli wa paja la kushoto ulianza kubana, nikawa natembea hatua hamsini, nakimbia mia mbili.

Chinatown unaisikia kabla ya kuiona, ngoma za simba wa Kichina zinadunda hadi kifuani. Halafu geti jekundu. Na chini ya geti, ameketi kwenye kigoda ambacho si chetu, amevaa kizibao kinene cha pamba ambacho si chake, kikombe cha chai kinafuka mkononi, Bibi. Kando yake bibi wa Kichina wa umri wake, chupa ya chai mapajani. Walikuwa wamekaa pamoja tangu saa nne, hakuna aliyejua neno hata moja la lugha ya mwenzake.

Nilitaka kusimama. Nilitaka kuketi chini pale nilie. Bibi akainuka kwa nguvu nisizojua anazitoa wapi, akanyoosha mkono. "Usisimame mwanangu! Nimeshakuona. Nenda!" Na yule bibi mwingine akaanza kuita neno lilelile, alivyolisikia, "Nenda! Nenda!" Nyuma yao kengele ikalia, mdogo akiwa juu ya mabega ya baba yake, na binti akiandika. Ameandika: "6:47. Ametuona." Wao walikuwa wamefika dakika nne kabla yangu.

Zilizobaki ni kilomita nane na ushei. Unapita Bronzeville, unageuka kaskazini kushika Michigan Avenue, maghorofa ya katikati ya jiji yanaonekana mbele, na hayasogei. Karibu na mwisho kuna mwinuko mfupi wa Roosevelt Road, ambao siku nyingine usingeuona. Baada ya kilomita 41 ni mlima. Kata kushoto, Columbus Drive, mstari ule pale. Muda wangu: saa nne na dakika 57. Zaidi ya watu 48,000 walimaliza siku ile, na najua kila mmoja ana simulizi yake, lakini nilipovishwa medali nilihisi nimesimama peke yangu chini ya mbingu.

Baada ya mstari utatembea sana, umevikwa ile karatasi ya kung'aa, na baridi inaingia haraka. Weka nguo nzito kavu kwenye mfuko wa kuhifadhi. Wakimbiaji na jamaa zao hukutana kwenye mabango ya herufi. Chagueni herufi kabla, na jamaa wajue kwamba nao watapekuliwa langoni. Wangu walitumia nusu saa kuingia. Nilimwona mdogo kwanza. Hakuitazama medali, alinionyesha kengele.

Ni usiku, tumeshakula na mimi nimelala sakafuni miguu ukutani, ndipo Bibi alipojitazama akashtuka. Alikuwa bado amevaa kizibao cha yule mwenzake.

Jumatatu, 9 Oktoba

Ngazi zilikuwa adhabu. Tulikwenda bustani ya wanyama ya Lincoln Park, ambayo kiingilio chake ni bure, na wenzangu wakaniruhusu kukaa kwenye kila benchi. Mji mzima una watu wanaotembea kwa kukakamaa na medali shingoni, mnasalimiana kwa kichwa tu.

Jumanne, 10 Oktoba. Kizibao

Bibi alikuwa amekikunja tangu asubuhi. Juu yake aliweka kanga mpya aliyokuja nayo sandukuni, doti nzima, ambayo hakuwa ametuambia ni ya nani, na nadhani hata yeye hakuwa akijua.

Tulikwenda Wentworth Avenue na picha moja tu, aliyoipiga binti: wanawake wawili wazee chini ya geti, mmoja amefumba macho kwa kucheka. Duka la kwanza walitikisa kichwa. La pili pia. Kwenye duka la mikate, kijana muuzaji aliitazama picha, akacheka, akatoka nje akaita kuelekea dirisha la ghorofani. Yule bibi akashuka polepole, anashika ukuta. Alipomwona Bibi akapiga makofi.

Kijana akawa mkalimani. Tulimrudishia kizibao chake, akakataa, tukamlazimisha, akakubali. Kisha Bibi akakunjua kanga. Yule bibi aliipapasa pindo lote kwa kidole, akaiweka mabegani juu ya koti. Bibi akaitoa, akamfunga upya, vizuri, akampapasa kifuani kuonyesha kwamba sasa imekaa. Tulipewa mikate ya maharage mekundu ndani ya mfuko wa karatasi, bado ya moto.

Kesho yake tulikuwa na ndege. Tulikuwa tumeshaaga, tumeshafika kona, Bibi akasimama akanigeukia.

"Rudi umwambie yule kijana," alisema. "Amwambie asiifue kwa maji ya moto."